Maswali na Majibu: Mrija wa Kupumulia Hutolewa Lini, na kwa Utaratibu Gani?

Daktari wa wagonjwa mahututi anajibu barua za wasomaji. Barua zimefupishwa, na majina ya waandishi na ya wagonjwa yameachwa kwa makusudi.

SWALI: Shikamoo Daktari. Mama yangu alilazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi kwa nimonia kali, akawekewa mrija wa kupumulia. Siku ya tano tuliambiwa kwamba amepumua nusu saa nzima karibu bila msaada wa mashine na kwamba amefaulu. Tulifurahi sana, lakini mrija haukutolewa mpaka kesho yake. Kama alifaulu, kwa nini alilala nao usiku kucha?

JIBU: Marahaba. Mashine na mrija ni vitu viwili vyenye kazi mbili, na wengi huvichanganya, wakiwemo baadhi yetu tulio kazini. Mashine husukuma hewa iingie mapafuni. Mrija huiweka njia ya hewa wazi, na puto lake dogo, linalojazwa hewa likishafika ndani ya koo la hewa, hupunguza mate na matapishi yanayoteremka mapafuni. Kwa hiyo kabla ya kuutoa tunajiuliza maswali mawili: je, mgonjwa ataweza kupumua bila mashine? Na je, ataweza kuilinda njia yake ya hewa bila mrija? Jaribio alilofanyiwa mama lilijibu swali la kwanza peke yake.

Jaribio lenyewe halianzishwi ovyo. Kwanza ugonjwa uliompeleka mgonjwa kwenye mashine uwe umeanza kurudi nyuma, oksijeni anayopewa isizidi asilimia 40 au 50 ya hewa anayovuta, shinikizo la damu liwe limetulia bila dawa nyingi za kulipandisha, na mwenyewe awe anaamka. Kisha mashine hupunguzwa mpaka ibaki na msukumo mdogo tu, au mgonjwa hutenganishwa nayo kabisa akapewa oksijeni kupitia kiungo chenye umbo la herufi T, huku tukimwangalia kwa nusu saa hadi saa mbili. Tunalisimamisha jaribio iwapo pumzi zinazidi 35 kwa dakika na kubaki hapo, oksijeni ya damu inashuka chini ya asilimia 90, mapigo ya moyo yanapita 140, shinikizo la juu la damu linapanda kupita 180 au kushuka chini ya 90, au mgonjwa anaanza kutokwa jasho na kuhangaika. Utafiti uliofanywa Hispania na kuchapishwa mwaka 2019, ukiwa na wagonjwa 1,153, ulilinganisha nusu saa yenye msukumo mdogo na saa mbili za kiungo cha T. Waliotolewa mrija na kubaki bila kuuhitaji tena walikuwa asilimia 82 katika kundi la kwanza na 74 katika kundi la pili, na wale waliojaribiwa kwa njia nyepesi hawakurudishiwa mrija kwa wingi kuliko wenzao. Ndiyo maana siku hizi wengi wetu hatumchoshi mgonjwa kwa mtihani mrefu kuliko anaouhitaji.

Swali la pili halina mashine ya kulipima, na hapo ndipo uzoefu wa walio kitandani unapohitajika. Je, mgonjwa anakohoa kwa nguvu? Kipo kipimo rahisi ambacho huenda mlikiona bila kujua ni nini: muuguzi anamtenga mgonjwa na mashine, anashika kadi nyeupe sentimita moja au mbili mbele ya mdomo wa mrija, kisha anamwomba akohoe mara tatu au nne. Kadi ikilowa, kikohozi kina nguvu. Ikibaki kavu, tunasita. Tunauliza pia makohozi ni mengi kiasi gani, kwa sababu mtu anayehitaji kufyonzwa kila saa leo atahitaji kuyatoa mwenyewe kesho. Tunampa na maagizo manne mepesi: fumbua macho, fuata kidole changu, nishike mkono, toa ulimi. Asiyeweza kuyatimiza huwa hatarini zaidi, ingawa peke yake hilo si sababu ya kukataa kumtoa mrija mtu anayekohoa vizuri na mwenye makohozi machache.

Inawezekana basi kwamba mama alifaulu swali la kwanza, akabakiwa na la pili. Inawezekana pia kwamba saa ilikuwa imekwenda, na timu haikutaka aingie usiku, wakati mikono ni michache, akiwa katika saa zake za kwanza bila mrija. Uamuzi huo mimi nauona wa busara pale ambapo zamu ya usiku haina mtu mwenye ujuzi wa kurudisha mrija. Hata kule kumpumzisha kidogo baada ya jaribio kuna faida yake: utafiti mwingine wa Hispania, wa mwaka 2017, ulionesha kwamba wagonjwa waliorudishwa kwenye mashine kwa saa moja baada ya jaribio, ndipo wakatolewa mrija, walirudishiwa mrija kwa asilimia 5, ilhali waliotolewa papo hapo walifikia asilimia 14.

Lakini saa moja ya mapumziko ni tofauti na siku nzima ya kungoja bila sababu iliyoandikwa, na hapo mna haki ya kuuliza. Kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo na ambao ndio mtendaji mkuu wa kupumua, hudhoofika upesi mno kikikosa kazi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2008, uliochunguza viwambo vya watu ambao ubongo wao ulikuwa umekufa na ambao mashine iliwapumulia kikamilifu kwa saa 18 hadi 69, ulikuta nyuzi za msuli huo zimesinyaa zaidi ya nusu zikilinganishwa na za watu waliokaa kwenye mashine kwa saa chache tu. Kuchelewa nako kuna gharama, ila gharama yake haipigi kelele kama ya kuharakisha.

SWALI: Daktari, mimi ni muuguzi niliyehamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi hivi karibuni. Daktari wa zamu akishasema mrija utolewe, kila mwenzangu ana namna yake: mmoja huanza na puto, mwingine na plasta, mwingine huvuta huku akifyonza. Naomba unieleze nianzie wapi na niishie wapi.

JIBU: Anza mbali na kitanda, kwa kuuliza: ukishindikana, nani ataurudisha, na kwa kifaa gani? Chama cha Uingereza kiitwacho Difficult Airway Society, katika mwongozo wake wa mwaka 2012, kinasisitiza kwamba kutoa mrija ni jambo la kupangwa kila mara, kwa maana hakuna mgonjwa anayelazimika kutolewa mrija dakika hii hii. Huwa hatujiandai kwa kutoa kama tunavyojiandaa kwa kuweka, na hilo ni kosa la desturi. Basi hakikisha laringoskopu, yaani kifaa cha kutazamia koo wakati wa kuweka mrija, ipo na taa yake umeiona ikiwaka kwa macho yako, mrija wa saizi ile ile upo pamoja na mwingine mdogo kwa nusu saizi, mfuko wa kupulizia hewa kwa mkono una barakoa inayomkaa mgonjwa usoni, dawa za usingizi na za kulegeza misuli ziko karibu, na kipimo cha kaboni dioksidi ya pumzi kinafanya kazi. Mtu atakayeurudisha awe anajulikana kwa jina na awe karibu, si nyumbani akingoja simu.

Kisha soma faili. Tafuta maandishi ya siku mrija ulipowekwa. Ukikuta imeandikwa kwamba ulisumbua, kwamba walijaribu mara kadhaa, au kwamba mgonjwa ana jeraha la shingo, uvimbe wa shingo au taya zilizofungwa kwa waya, usiendelee. Huyo anahitaji mtaalamu wa dawa za usingizi kando ya kitanda, na wakati mwingine huachiwa ndani ya koo la hewa mrija mwembamba wa kubadilishia, ambao mrija mpya unaweza kupitishwa juu yake mambo yakiharibika. Faili isiposema lolote, muulize aliyekuwepo siku ile.

Juu ya chakula, wapo wanaosimamisha lishe inayopitia mpira wa kulishia kwa saa sita au zaidi. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2023, wenye wagonjwa zaidi ya 1,100, ulikuta kwamba walioendelea kulishwa mpaka wakati wa kutolewa mrija hawakushindwa kwa wingi kuliko waliofungishwa. Fuata utaratibu wa chumba chenu, lakini usimwache mtu na njaa tangu usiku kwa utaratibu ambao daktari ataukumbuka alasiri.

Sasa njoo kitandani. Inua kichwa cha kitanda mpaka mgonjwa awe ameketi kwa kadiri anavyoweza, kwa sababu tumbo likishuka kiwambo hupata nafasi. Mweleze mgonjwa utakachofanya na atakachosikia: atakohoa, koo litawasha, sauti itakuwa nzito. Wengi wanasikia kila neno hata kama hawajibu. Mpe oksijeni ya asilimia 100 kwa dakika chache. Fyonza ndani ya mrija kwa katheta, yaani kijirija chembamba cha kufyonzea, kisha, kwa katheta nyingine, fyonza mdomo na nyuma kabisa ya koo. Katheta iliyotoka mdomoni isiingie mapafuni hata kidogo. Hatua ya nyuma ya koo ndiyo inayorukwa na wengi, nayo ndiyo yenye maana kubwa, kwani mate yaliyojikusanya juu ya puto kwa saa nyingi hayana pengine pa kwenda isipokuwa chini pindi puto linaponywea.

Legeza plasta au kamba huku mkono mmoja ukiushika mrija kwenye kona ya mdomo. Puto linyonywe hewa kwa sirinji mpaka kile kipuli cha nje, kinachoonesha kama puto lina hewa, kibaki bapa kati ya vidole vyako. Usikate kile kijirija cha puto kwa mkasi. Puto linaweza kubaki na hewa, nawe ukaliburura kati ya nyuzi za sauti. Mwombe mgonjwa avute pumzi ndefu, au mwenzako ampulizie hewa polepole kwa mfuko, ndipo uvute mrija kwa mwendo mmoja laini, ukifuata mpindo wake, pumzi ikiwa imejaa kifuani. Pumzi iliyojaa humfanya kitendo chake cha kwanza kiwe kukohoa, na kikohozi hicho huyatoa mate kuelekea mdomoni. Wanaovuta huku katheta ikifyonza ndani ya mrija hufyonza pia hewa na oksijeni ambayo mgonjwa anaihitaji katika sekunde hizo. Mimi siwaungi mkono.

Mvike oksijeni mara moja, mhimize akohoe, kisha mwulize jina lake. Jina likitoka kwa sauti, hata iwe ya kukwaruza, umejifunza mambo matatu kwa pamoja: hewa inapita, nyuzi za sauti zinatikisika, na akili ipo. Weka stetoskopu shingoni, usikilize kabla ya kusikiliza kifua. Andika saa. Na usiondoke; ukilazimika kuondoka, mwachie mtu mwingine kiti chako.

SWALI: Mimi ni tabibu. Kabla ya kutoa mrija huwa tunanyonya hewa ya puto na kusikiliza kama hewa inavuja kandokando. Juzi haikuvuja kabisa, tukaahirisha siku mbili. Tulifanya sawa?

JIBU: Kuahirisha kidogo, sawa, siku mbili ni nyingi. Hewa isipovuja tunahofia kwamba zoloto, yaani sehemu ya koo yenye nyuzi za sauti, limevimba na kuubana mrija, kwa hiyo ukitolewa njia itajifunga. Kwenye mashine kipimo hufanywa kwa kulinganisha hewa iliyoingia na iliyorudi katika pumzi kadhaa puto likiwa limenywea. Upungufu ulio chini ya mililita 110, au chini ya asilimia 10 hadi 24 ya pumzi iliyoingizwa kutegemea kigezo mnachotumia, huhesabiwa kuwa mvujo haba. Shida ni kwamba kipimo hiki huogopesha kuliko inavyostahili. Wengi wasio na mvujo hutolewa mrija wakapumua vizuri tu, kwa sababu mrija ukiwa mnene kwa koo la mgonjwa, au makohozi yaliyokauka yakiuzunguka, hewa haitapita hata kama hakuna uvimbe.

Ndiyo maana mwongozo wa pamoja wa vyama viwili vya Marekani vya madaktari wa kifua, American Thoracic Society na American College of Chest Physicians, uliotolewa mwaka 2017, unashauri kipimo hiki kifanywe kwa walio hatarini: waliowekewa mrija kwa taabu, waliokaa nao zaidi ya siku sita, wenye mrija mkubwa, wanawake, na waliorudishiwa mrija baada ya kuuchomoa. Asiye na mvujo apewe steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, angalau saa 4 kabla, na kipimo hakihitaji kurudiwa. Ushahidi wa steroidi ni mzuri. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2007 ulitumia steroidi iitwayo methylprednisolone, miligramu 20, ukianza saa 12 kabla na kurudia kila saa 4 hadi mrija unapotolewa, na uvimbe wa zoloto ukashuka kutoka asilimia 22 hadi 3. Dawa ikitolewa dakika chache kabla, haijapata muda wa kufanya kazi, kwa hiyo mpango wa kutoa mrija saa nne asubuhi unapaswa kuwa umeandikwa tangu usiku.

Mgonjwa akitoa mlio mkali kila anapovuta hewa baada ya kutolewa mrija, mwinueni zaidi, mpeni adrenalini ya kuvuta kwa mvuke na steroidi ya mshipani, na mwiteni mtaalamu wa njia ya hewa wakati huo huo. Adrenalini inapunguza uvimbe kwa muda tu. Mlio ukipungua kwa sababu hewa inayopita imepungua, hiyo si nafuu. Mtazameni kifua na misuli ya shingo.

SWALI: Mume wangu aliuchomoa mrija mwenyewe usiku, na hakurudishiwa. Siku tatu baadaye alitoka chumba cha wagonjwa mahututi. Je, hiyo haioneshi kwamba madaktari walikuwa wamechelewa?

JIBU: Pole kwa mshtuko wa usiku ule, dada. Kwa upande wake, ndiyo, inaweza kuonesha hivyo. Karibu nusu ya wanaouchomoa wenyewe hawahitaji kurudishiwa, na kila tukio la namna hiyo hunifanya niwaulize wenzangu kama mgonjwa alikuwa amejaribiwa siku ile. Nusu ya pili ndiyo inayotutia hofu. Mrija ukivutwa puto likiwa limejaa, nyuzi za sauti zinaweza kuumia, na mgonjwa huachwa bila maandalizi yoyote kati ya yale niliyomweleza muuguzi hapo juu.

Kuwafunga mikono si kinga ya kutegemewa, na mara nyingi huwazidishia mahangaiko. Kuwalaza kwa dawa nzito huzuia mikono lakini huongeza siku za mashine. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa Marekani wa wagonjwa 336 ambao kundi lake moja lilisimamishiwa dawa za kutuliza kila asubuhi, kisha likajaribiwa kupumua. Wagonjwa wa kundi hilo walichomoa mirija wenyewe kwa wingi zaidi, lakini idadi ya waliohitaji kurudishiwa baada ya kuchomoa ilikuwa karibu sawa na ya kundi la pili, walipata siku nyingi zaidi za kupumua bila mashine, na waliokufa katika mwaka mmoja walikuwa wachache. Mimi naisoma habari hiyo hivi: mgonjwa aliye macho atagusa mrija wake, na jibu la kufaa ni kumkaribia na kumjaribu mapema.

SWALI: Daktari mwenzangu, ninafanya kazi katika hospitali ambayo sitaitaja. Mgonjwa mwenye umri wa miaka 70 alitolewa mrija asubuhi. Saa tatu baadaye alianza kuhema. Tulimvika barakoa ya shinikizo, akaonekana kupata nafuu kidogo, tukamwacha nayo mpaka usiku. Alirudishiwa mrija akiwa hoi, na baada ya siku mbili alifariki. Tulikosea wapi?

JIBU: Pole sana, pamoja na timu yako. Siwezi kuhukumu kifo cha mgonjwa ambaye sikumwona, lakini mfuatano uliouandika unajulikana vizuri, na umechunguzwa. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika vituo 37 vya nchi 8, wenye wagonjwa 221 waliopatwa na shida ya kupumua ndani ya saa 48 baada ya kutolewa mrija. Nusu walivikwa barakoa ya shinikizo, ile inayosukuma hewa usoni bila mrija, nusu wakapewa matibabu ya kawaida. Vifo katika chumba cha wagonjwa mahututi vilikuwa asilimia 25 kwa waliovikwa barakoa na 14 kwa wengine, na utafiti ukasimamishwa mapema. Waliovikwa barakoa walikaa takriban saa 12 kabla ya kurudishiwa mrija. Wengine takriban saa mbili na nusu. Barakoa iliwafanya waonekane afadhali, na kule kuonekana afadhali kukachelewesha uamuzi.

Usichukue kutoka hapo kwamba barakoa ni mbaya. Barakoa ile ile, ikivalishwa mara tu baada ya mrija kutoka, kabla dalili yoyote haijaanza, ni kinga nzuri kwa walio hatarini: wenye zaidi ya miaka 65, wenye ugonjwa sugu wa moyo au wa mapafu, na hasa wale ambao kaboni dioksidi yao hupanda wakati wa jaribio. Mgonjwa wako wa miaka 70 alistahili kuivaa tangu dakika ya kwanza. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2019 ulionesha kwamba kupokezanisha barakoa na oksijeni ya mkondo mkubwa ya puani, kwa wagonjwa wa aina hiyo, kulipunguza kurudishiwa mrija ndani ya siku saba kutoka asilimia 18 hadi 12, ikilinganishwa na oksijeni hiyo ya puani peke yake. Kwa wasio na hatari kubwa, oksijeni ya mkondo mkubwa inatosha: katika utafiti wa Hispania wa mwaka 2016, iliwapunguza waliorudishiwa mrija kutoka asilimia 12 hadi 5.

Anayehema saa tatu baadaye ni habari nyingine. Kwanza tafuta sababu, kwa mikono na masikio: makohozi yaliyomshinda, uvimbe wa zoloto, usingizi wa dawa uliobaki mwilini, uchovu wa misuli, au moyo. Moyo husahaulika sana. Mashine ilipokuwa ikisukuma hewa, shinikizo la kifuani lilipunguza damu inayorudi moyoni na kuusaidia upande wa kushoto kusukuma. Mrija ukitoka, moyo huo ni kama mtu aliyebebwa mgongoni kwa siku nyingi kisha akateremshwa ghafla mlimani. Ukiwa dhaifu, maji hujaa mapafuni, na dawa ya kupunguza maji iliyotolewa siku moja kabla ingesaidia kuliko barakoa ya leo. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu wa kuziba njia za hewa anaweza kujaribiwa barakoa hata wakati huo, lakini kwa saa iliyoandikwa ukutani: saa moja, mbili zikizidi sana, kisha mtazame tena. Pumzi hazijapungua, akili inafifia, kaboni dioksidi inapanda? Rudisha mrija ungali na mgonjwa mwenye akiba ya nguvu.

Miongoni mwa wanaotolewa mrija kwa mpango mzuri kabisa, asilimia 10 hadi 20 hurudishiwa ndani ya siku chache. Chumba kisichorudishia mtu hata mmoja mwaka mzima huenda kinawachelewesha wote. Kwa hiyo ningependa timu yako isiogope kurudisha mrija, wala mgonjwa aliyerudishiwa asihesabiwe kuwa amefika mwisho. Siku ya pili au ya tatu hujaribiwa upya. Ikionekana kwamba mashine itahitajika kwa muda mrefu, tunazungumza juu ya tundu la shingoni la kupitishia mrija wa kupumulia, ambalo nalo halihitaji pupa: utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2013 haukuona tofauti ya vifo kati ya waliotobolewa ndani ya siku nne na waliosubiri baada ya siku kumi.

SWALI: Nilikaa na mrija siku tisa. Siku ulipotolewa niliomba maji nikanyimwa, na sauti yangu bado ni ya kukwaruza wiki moja baadaye. Ni kawaida?

JIBU: Yote mawili ni kawaida. Baada ya siku nyingi za mrija, koo hupoteza sehemu ya hisia yake na nyuzi za sauti huchelewa kufunga, hivyo maji yanaweza kuteremka mapafuni bila mgonjwa kukohoa hata kidogo. Kwa sababu hiyo hutakiwa kwanza kupimwa kumeza: akiwa ameketi na yu macho, hupewa maji kidogo kidogo kwa kijiko, huku anayempima akisikiliza kama sauti inageuka kuwa ya majimaji. Akifaulu, anaongezewa, asipofaulu, huendelea kulishwa kwa mpira na kupimwa tena. Kinywa kikavu kinaweza kulowanishwa kwa kitambaa wakati wa kusubiri, na ulikuwa na haki ya kufanyiwa hivyo.

Sauti ya kukwaruza hupungua kwa siku au wiki chache. Ikipita wiki tatu bila kubadilika, mwone daktari wa masikio, pua na koo akutazame nyuzi za sauti kwa kamera. Jambo moja zaidi ulikumbuke hata ukishapona: kovu linaweza kulibana koo la hewa wiki au miezi baada ya mrija kutoka, nalo hujitokeza kwa kuhema unapopanda ngazi na kwa mlio unapovuta hewa. Mara nyingi hutibiwa kimakosa kama pumu. Ukianza kuhema hivyo, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na neno la kwanza kumwambia daktari liwe kwamba uliwahi kuwekewa mrija wa kupumulia kwa siku tisa.